Nilivyokwenda Nassa Kumwona Nge wa Kitabuni

Niliondoka nyumbani kwangu Nkololo kwa sababu moja: mjukuu wangu Kabula aliambiwa kuwa ni nge. Ninaandika habari hii kwa kuwa akina mama wa kikundi chetu mmeniomba, na pia kwa kuwa kila anayeisimulia anaongeza ya kwake. Wapo wanaosema nilikwenda kupigana. Sikupigana na mtu. Wapo wanaosema nilichana kitabu cha watu. Sijachana kitabu katika maisha yangu. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, na karatasi naiheshimu.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia na mizani zao na malori yao. Sisi tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga na Nassa ilikuwa mkoa wa Mwanza. Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Duka la Bariadi ambalo zamani liliuza chumvi na kiberiti, siku zikiwa nzuri, sasa lilikuwa na redio, vitenge vya Kongo, sabuni za kunukia na vijitabu vya nyota. Kila kitu kilikuwa kinauzwa, mpaka kesho ya mtu.

Kabula alikuwa ameposwa na Shija, fundi wa mashine za kusaga. Shija alitoka kwao Nassa kuja kufunga mashine ya mtu binafsi pale kwetu. Kabula alipeleka mahindi kusaga, akarudi. Kesho yake akapeleka tena mahindi ambayo hatukuwa tunayahitaji. Nikajua. Wazee wakakutana, ng'ombe wakakubaliwa, ikabaki siku ya kuwaleta. Ndipo ikaja barua kutoka kwa baba yake Shija, Mzee Maduhu. Barua ilisema tusubiri kwanza, kwa sababu pale Nassa kuna mzee mwenye kitabu cha kale cha nyota, naye amepiga hesabu akaona binti yetu alizaliwa katika nyota ya nge na kijana wao ni wa nyota ya ng'ombe. Nge akiingia zizini, ilisema barua, ng'ombe hawapati usingizi.

Aliyeleta barua aliisoma kwa sauti pale pampu ya maji kabla haijanifikia. Mpaka jioni watoto walikuwa wana wimbo wake. Kabula alirudi na ndoo nusu.

Mwanangu Masanja, baba yake Kabula, alisema, "Mama, tuachane nao. Wachumba wapo."

Nikamwuliza, "Wa wapi? Nani atakuja kuposa nge?"

Kabula alikuwa nyuma ya mlango, akasema bila kutoka, "Bibi, mimi sitaki mwingine. Lakini sitaki kwenda kwa mtu anayeniogopa."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kama ingekuwa kumlazimisha Mzee Maduhu, ningempelekea mjumbe. Lakini hofu haiondolewi na mjumbe. Mimi ni mkunga, Kabula nilimpokea kwa mikono yangu hii miwili. Nikasema nitakwenda mwenyewe nikamwone huyo nge.

Jumatatu alfajiri Masanja alinipakia nyuma ya baiskeli mpaka Bariadi. Nilibeba jogoo mmoja, michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ndani ya kitambaa, na kanga ya kubadilisha. Njiani Masanja alihema sana kwenye vilima, nikamwambia anishushe nitembee, akakataa. Nikamwambia basi asiheme kama mgonjwa, watu watasema anabeba bibi mnene. Mimi si mnene.

Bariadi saa tatu asubuhi nilipata lori la pamba linalokwenda upande wa ziwani. Mbele kulikuwa kumejaa, nikapandishwa juu ya pamba pamoja na akina mama wawili na utingo. Niwaambie kweli, sijapata kulalia kitu laini namna ile. Tumeilima pamba miaka yote, tumeipalilia, tumeichuma mpaka vidole vinatoka damu, lakini kuilalia nilikuwa bado. Jogoo wangu naye alitulia kama mwenye gari.

Utingo alisikia ninakokwenda, akaanza utani. "Bibi, na wewe nyota yako ni ipi?"

"Jembe," nikamjibu.

"Hiyo haimo kwenye vitabu."

"Ndiyo maana vitabu havishibishi."

Dutwa tulisimama dereva ale. Mama mmoja muuza karanga alikuja kukaa nami kivulini mwa lori, na nilipomweleza safari yangu akacheka mpaka karanga zikamwagika. Alimfahamu huyo mzee wa kitabu. Anaitwa Mzee Luhende, akasema, alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba mpaka walipopunguzwa kazi.

"Mimi aliniambia mbuzi wangu atazaa mapacha," akasema.

"Akazaa?"

"Alizaa mmoja mwaka ule, na mmoja mwaka uliofuata. Nilipokwenda kumwambia, akasema, unaona, kitabu hakikosei."

Nikasema moyoni, huyu ni tapeli, na leo kampata mwenzake wa kukaa naye meza moja.

Lamadi tulifika jua likiwa limesimama utosini. Pale barabara yetu ya vumbi inakutana na barabara kubwa ya Mwanza na Musoma, na harufu ya dagaa inakupokea kabla ya watu. Magari ya sangara yalikuwa yanapita moja baada ya jingine, yakichuruza maji ya barafu barabarani. Nilishuka, nikakung'uta pamba kichwani, nikapata gari dogo la kunifikisha Nassa. Dereva alinitazama, akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, una mvi nyingi." Nikamwambia nusu ni pamba.

Nassa, saa tisa, niliingia uwanjani kwa Mzee Maduhu. Nyumba ya bati, ghala la pamba ubavuni, ng'ombe wamefungwa mbali kidogo, na ziwa linaonekana kwa chini. Nikabisha hodi kwa lugha yetu.

"Mwadila."

"Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, kwamba ni salama tu.

Mzee Maduhu ni mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, alinipa kiti chenye mgongo na yeye akakaa kwenye kigoda. Shija hakuwepo, alikuwa amekwenda Magu kufunga mashine nyingine. Mkewe, Mama Shija, alileta maji ya kunywa, akapiga goti vizuri, akapokea jogoo, lakini hakukaa. Alirudi jikoni haraka kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Sikusikia harufu ya maziwa.

Tulipomaliza habari za mvua na za mifugo, Mzee Maduhu alisogeza kigoda karibu. "Mayu, mimi sina neno na binti. Neno liko kwa mama yake Shija. Tangu asikie habari ya nge, hali vizuri. Nimefikiri njia." Akateremsha sauti. "Kadi ya ubatizo ya binti imeandikwa mwezi wa kumi na moja. Lakini kadi zetu tunazijua, karani anaandika siku aliyopata kalamu. Wewe ndiye uliyemzalisha. Ukisema alizaliwa mwezi wa saba, nani atakupinga? Mwezi wa saba si wa nge. Mambo yanakwisha leo, kesho tunapanga siku ya ng'ombe."

Niwaambie, nilifikiri. Neno moja tu, na Kabula anaolewa. Hakuna aliyekuwepo usiku wa kuzaliwa kwake zaidi ya mimi na mama yake. Lakini nilijiona miaka kumi mbele, mtoto wa Kabula anaumwa, na mtu anakumbuka kwamba bibi alidanganya mwezi.

Nikamwambia, "Mzee Maduhu, mtoto anaitwa Kabula. Alizaliwa mvua ya kwanza inapiga paa. Nitampa mtu jina la mvua mwezi wa saba, vumbi tupu? Alizaliwa mwezi wa kumi na moja. Safari hii kadi ilisema kweli."

Akashika kichwa. "Sasa tutafanyaje?"

"Kesho nipeleke kwa mwenye kitabu."

Jioni tulikula ugali na sato, jua bado lipo. Mama Shija hatimaye alikaa, mbali kidogo, amekunja mguu wa kulia chini ya kanga. Alianza kusema bila kuulizwa.

"Mama, usinione mtu mbaya. Nge namjua. Shija alikuwa ananyonya bado. Niliingia ghalani kukanyaga pamba, akaniuma hapa." Akautoa mguu, akaonyesha kifundo. "Nililia siku mbili. Maziwa yakakauka. Mtoto alilishwa uji na majirani. Ningempoteza. Tangu hapo siwezi hata kuinua gunia bila kulipiga fimbo kwanza. Sasa naambiwa nge anakuja kuwa mke wa mtoto huyo huyo."

Sikumcheka. Nimewahi kumwona mwanamke akitambaa kwa kuumwa na nge. Nikamwuliza tu, "Na huyo nge wa kitabuni, umemwona?"

"Mimi?" Akashangaa kweli. "Vitabu ni vya wanaume. Niliambiwa."

Kesho yake asubuhi, saa mbili, Mzee Maduhu alinipeleka kwa Mzee Luhende. Anakaa karibu na kiwanda cha zamani, chumba kimoja na kibaraza. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mtu mwenye hirizi na manyoya. Nilikuta mzee mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja, meza safi, rula, penseli iliyochongwa vizuri na kifutio. Karani kabisa. Alisimama kunisalimia, akafuta kiti kwa mkono.

Mzee Maduhu alikwenda kuangalia ng'ombe wake, akatuacha.

"Nasikia unakula kuku wa watu kwa kitabu usichokijua," nikamwambia.

Hakukasirika. "Kuku nakula, mayu. Kitabu kweli sikijui. Hakuna anayekijua." Akafungua bweta la mbao, akatoa picha za kurasa, moja moja, kama mtu anayetoa mayai. Akanieleza. Zamani, kabla ya ukarani, alikuwa mpishi wa padri mmoja mzee wa Kizungu. Padri alikuwa na picha hizi za kitabu kilichofungiwa huko Ulaya, kimeandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama, mamia ya miaka iliyopita, kwa herufi ambazo hata wasomi wao zimewashinda. Kila jioni padri alikaa nazo. Alipoondoka kwenda kufia kwao, alimwachia Luhende bweta. Padri alimfundisha kwamba wanyama wale ni buruji kumi na mbili, nyota wanazozaliwa nazo watu, na Mwislamu mmoja mwenye duka kule Magu akampa majina ya sayari kwa Kiswahili.

"Herufi hazisomeki," akasema. "Mimi nasoma picha."

"Basi tuko sawa. Wewe ulisoma mpaka darasa la nane, mimi ngumbaru, na kitabu kimetushinda wote wawili. Nionyeshe."

Ukurasa wa kwanza alioutoa, akauwekea kiganja juu. Nikamwuliza anaficha nini. Akasema ni miduara yenye mnyama katikati, na pembeni kumezunguka wanawake, kila mmoja ameshika nyota. "Lakini hawajavaa, mayu."

"Nimezalisha nusu ya Nkololo. Toa mkono."

Akautoa. Walikuwa wanawake kweli, wafupi, matumbo mbele, wengine wamesimama ndani ya mapipa kama wanaoga. Nikamwuliza wako wangapi. Akasema thelathini karibu kila mduara, amewahesabu kila mmoja. Nikamwambia hizo ni siku za mwezi, na aliyechora alikuwa na akili kuweka wanawake, maana mwanaume hana anachokihesabu mwezi hadi mwezi. Mzee Luhende aliona haya, akachukua penseli, akaandika.

Kisha akatoa ukurasa wenye Jua lenye uso, na Mwezi wenye uso, na pembeni fungu la nyota saba ndogo zimekaa pamoja. "Hizi ndizo sayari saba," akasema, na kila moja ameiandikia jina kwa penseli: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura, Zuhali. "Hapa ndipo ninapoanzia hesabu zote."

Nilizitazama. "Mzee Luhende, Jua hili hapa, lina macho na midomo. Mwezi huu hapa. Sasa hizi ndogo zimelipata wapi Jua lingine?"

Akavua miwani, akaivaa tena.

"Na sayari ni nyota zinazotembea," nikaendelea. "Ile nyeupe kubwa ya alfajiri, ambayo mama yangu aliiita mke wa mwezi, inatembea peke yake. Ile nyekundu inatembea peke yake. Hazijapata kulala kitanda kimoja. Hizi saba zimebanana kama vifaranga. Hiki ni Kilimia. Kikionekana, baba yangu alikuwa anatoa majembe. Kiko karibu na nani hapa kitabuni?"

Alipekua haraka. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa ng'ombe. "Ng'ombe," akasema kwa sauti ndogo.

"Hata angani kiko karibu na mahali mnaposema ni pa ng'ombe?"

"Padri alisema ng'ombe ana nyota saba begani." Akaipapasa picha kwa kidole. "Alisema, nami nikasahau. Nilitaka ziwe sayari."

Nilidhani atachukia. Badala yake alimwita mke wake atuletee chai ya maziwa, na macho yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyepata ng'ombe aliyepotea. Akasema kuna jambo limemsumbua tangu padri aondoke. Wanyama wengine wote wana mduara mmoja wenye wanawake thelathini. Ng'ombe ana miduara miwili, na kila mmoja una wanawake kumi na tano tu. Yeye alifikiri mchoraji alikosea, kwa hiyo wa pili huuruka.

Nikamwomba aziweke picha zote mbili pamoja. Mtu wa mifugo hawezi kuliacha hilo lipite. "Huyu wa kwanza ni mweupe," nikasema. "Huyu wa pili wamempaka weusi. Si ng'ombe wawili. Mwezi una siku kumi na tano za kukua na kumi na tano za kufa. Mweupe ni mwezi unaokua, mweusi ni mwezi unaokwisha. Kumi na tano na kumi na tano ni thelathini. Hajakosea mtu."

Mzee Luhende aliweka kikombe chini. "Na kwa nini ng'ombe tu? Kwa nini simba hakugawanywa?"

"Hilo mwulize aliyechora. Mimi nakwambia ninachokiona. Lakini mtu anayempa ng'ombe kurasa mbili na simba ukurasa mmoja, huyo ni mfugaji."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka, uzi ukakatika, tukaitafuta wote chini ya meza. Nikaona sasa ndiyo wakati. "Nionyeshe nge."

Akaniletea. Nilimtazama nge. Nikamtazama Mzee Luhende. Huyu mtu hakuwa tapeli, na hilo lilinipa kazi nyingine, maana tapeli unamfukuza lakini mtu mkweli inabidi umwonyeshe. Sikusema kitu juu ya picha. Nikamwambia, "Mchana huu uje na ukurasa huu kwa Mzee Maduhu. Ulimwambia mama mmoja neno bila kumwonyesha. Umwonyeshe."

Saa nane tulikaa uwanjani kwa Mzee Maduhu, kwenye kivuli cha ghala. Mzee Luhende alikuja na picha ndani ya bahasha, amevaa shati la Jumapili. Mama Shija aliitwa. Alikuja na fimbo yake ya kupigia magunia, nadhani bila kujua kwamba ameishika. Picha ilipowekwa kwenye mkeka alirudi nyuma hatua mbili.

Nikamwambia, "Mama Shija, karatasi haiumi. Kaa hapa. Hapa Nassa wewe ndiye unayemjua nge kuliko sisi wote. Tuambie, huyu ni nani?"

Alikaa. Alitazama kwa mbali, kisha akainama, kisha akavuta picha karibu. Alikaa nayo kwa muda mrefu mpaka Mzee Maduhu akaanza kukohoa.

"Huyu?" akasema.

"Huyo."

"Huyu ana miguu minne." Akaweka kidole. "Mmoja, miwili, mitatu, minne. Nge ana minane, na mikono miwili ya kukamatia. Mikono yake iko wapi? Na mkia huu umelala. Nge akiwa hai mkia wake haulali hivi, anaukunja juu, na mwisho kuna mwiba. Mwiba uko wapi?"

Mzee Maduhu akasema, "Angalia vizuri, labda macho."

"Baba Shija, nge aliniuma mimi. Hakukuuma wewe." Akamgeukia Mzee Luhende. "Huyu ni mjusi."

Mzee Luhende alisema padri alimwambia ni nge, na mahali alipo kwenye mpangilio, baada ya mizani, ndipo pa nge.

"Pa nge, sawa," nikasema. "Aliyechora aliambiwa achore nge. Lakini kwao labda nge hawapo, hajapata kumwona. Alisikia habari zake tu, akachora alichosikia. Kama nyinyi mlivyosikia habari za Kabula."

Ng'ombe mmoja alilia huko alikofungwa.

Mzee Luhende alivua miwani yake yenye uzi mpya. Akasema pole pole, "Nimeishi na nge maisha yangu yote. Kiwandani tulikuwa tunawaua kila siku chini ya marobota. Picha hii nimeitazama jioni ngapi, na sijapata kuhesabu miguu. Niliona neno la padri, sikuona picha." Akachukua penseli kutoka sikioni, akatoa daftari lake, akatafuta jina la Kabula, akalifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikawa nyeupe. Halafu akampa Mama Shija daftari aone. Mama Shija hasomi sana, lakini mahali palipofutwa anapajua kila mtu.

Mzee Maduhu, ambaye hapendi jambo liishe bila yeye, akauliza, "Kwa hiyo binti nyota yake ni mjusi?"

"Mjusi mimi namtaka nyumbani," akasema Mama Shija. "Anakula mbu." Na akacheka, mkono mdomoni, mara ya kwanza tangu nifike. Mzee Luhende akacheka, Mzee Maduhu akacheka kuliko wote.

Mimi niliwaacha wacheke, kisha nikasema, "Kabula si mjusi pia. Ni mtu. Anapika vizuri, ana hasira za asubuhi, anaimba akipalilia. Mkitaka kujua habari zake, hazimo kwenye ngozi ya ndama."

Mama Shija aliifuta picha vumbi kwa pindo la kanga, akamrudishia Mzee Luhende kwa mikono miwili. "Wabeja," akamwambia, akimshukuru. Kisha akanigeukia. "Mama, unaondoka lini?"

"Kesho asubuhi."

"Nitakwenda nawe nikamwone mwenyewe."

Jumatano tulirudi njia ile ile, sasa tukiwa wawili, na kikapu cha samaki wakavu badala ya jogoo. Lamadi tulipata lori linalorudi tupu Bariadi kufuata pamba. Safari hii hakukuwa na godoro. Tulirushwa kama mahindi kwenye ungo. Mama Shija, ambaye hakuwahi kupita Lamadi kwenda nchi kavu, aliuliza kila mlima jina lake, na yale nisiyoyajua nilisema sijui. Alinieleza pia jambo ambalo hakuwaambia wanaume, kwamba siku zile maziwa yalipokauka, mama mkwe wake alimwambia amejitakia. "Niliapa mkwe wangu sitamtendea hivyo," akasema. "Na angalia nilivyoanza."

Nkololo tulifika jua linapoelekea kuzama, tukitembea kipande cha mwisho. Kabula alikuwa anaanua pamba uwanjani. Alipoona nani yuko nami, alitaka kukimbilia jikoni. Nikamwita kwa sauti yangu ile ambayo mnaijua. Akaja, akapiga magoti, akatoa maji kwa mikono miwili, kichwa chini.

Mama Shija hakupokea haraka. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, bila kuona haya, kama alivyoitazama ile picha. Kisha akapokea, akanywa yote.

"Kwetu walisema wewe ni nge," akamwambia.

"Nimesikia, mayu."

"Walikosea. Na mimi nilikosea zaidi, maana nimezaa na bado nilimwogopa mtoto wa mtu bila kumwona. Unisamehe."

Nimehudhuria ndoa nyingi. Sijapata kumsikia mama mkwe akiomba msamaha kabla hata ng'ombe hawajatoka zizini. Kabula alilia, halafu akauliza kama mgeni anakula michembe kwa karanga au bila karanga, na mimi nikajua amekubali. Usiku ule walilala kitanda kimoja, na asubuhi niliwakuta wanatwanga pamoja. Kabla ya mvua kuanza ng'ombe walikuja, na Shija nyuma yao amevaa suruali iliyopigwa pasi, vumbi mpaka magotini.

Sasa nilichojifunza. Kwanza, mimi nami nilitoka nyumbani nikiwa nimeshamhukumu Mzee Luhende kuwa mwizi kabla sijamwona sura. Nikakuta mtu anayependa kitu asichokielewa na hana wa kumsaidia. Kuku aliowala, amewala, lakini picha zile amezitunza kwa miaka yote hiyo vizuri kuliko wengine tunavyotunza mbegu. Pili, kitabu kikisemwa, nataka kifunguliwe. Iwe cha padri, cha mnunuzi wa pamba au cha ofisini, kifunguliwe hapa mbele yangu, na aitwe yule anayekijua kitu chenyewe, hata kama hasomi.

Mzee Luhende aliniandikia barua moja baadaye, mwandiko mzuri wa karani. Aliuliza kama yule kaa wa kitabuni amechorwa sawa. Nilimjibu kwamba aende ufukweni akawaulize watu wa ziwani. Mimi ni wa nchi kavu, kaa sijamhesabu miguu.